Kipimo cha Nta Ulichompa Muthoni

Baba,

Tangu tukuzike pale Tetu sijakuombea vizuri. Nilikuwa na hasira. Miaka kumi na miwili nimepika lami kando yako, moshi ukiniuma macho, halafu kipimo cha nta ya kuchanganya na lami ukampa Muthoni, mama aliyeajiriwa kutuchemshia chai.

Niliwaona. Mlikuwa mmeinama juu ya pipa, yeye akiandika kwenye daftari, wewe ukicheka. Mimi hukuwahi kunichekea hivyo kazini. Na kila mtu alijua ni ile nta nyeupe ya mishumaa iliyofanya lami yako itoke Nyeri asubuhi ya baridi na kufika Othaya bado laini, wakati ya wengine imeshaanza kuganda ndani ya lori.

Ulipokufa, injinia wa barabara alimtafuta Muthoni. Nikamwambia ati mimi ndiye mtoto wako, najua yote. Nilidanganya, Baba. Nilitia nta kwa kukisia, nikazidisha. Lami ikamwagika kama uji, nikajisifu. Julai ilipoingia na baridi yake, kipande chote cha barabara karibu na soko kikajaa nyufa.

Muthoni alikuja bila kuitwa. Nilingoja anicheke. Alichokoa ufa mmoja kwa msumari, akasema nta imezidi, ndiyo maana lami imekuwa ngumu na kukatika kama mshumaa. Nikamuuliza kwa ubaya kwa nini ulimpenda kuliko mimi. Akajibu polepole: "Baba yako hakunichagua. Mimi nilimuuliza. Alisema wewe hujawahi kumuuliza kitu."

Nilikaa chini kwenye kokoto. Ni kweli. Nilidhani ujuzi wa baba humjia mtoto wenyewe, kama jina.

Bado nina wivu, sitakuficha. Nikimsikia akisema, "Mzee alinifundisha," moyo unanichoma. Hata sauti yako ameanza kuiga, na inafanana. Lakini Jumatatu tunang'oa kile kipande, na nimemwambia injinia mbele ya watu wote kwamba anayepima nta ni Muthoni. Mimi nitashika koleo.

Na nitamuuliza, Baba. Kila kitu ambacho sikukuuliza wewe nitamuuliza yeye. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Pumzika sasa.

Mwanao,
Karanja