Yaya wa Mama Mkwe

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini mkono umekataa kuanza barua bila shikamoo, na wewe ndiye uliyeuzoesha hivyo.

Mama hajambo. Mguu unamsumbua asubuhi, jua likichomoza anasahau. Ule mzabibu ulioupandisha ukutani umezaa mwaka huu, na watoto wa jirani wanazila zabibu zikiwa bado chungu huku Mama akijifanya haoni. Kiti chako kipo palepale barazani. Mara mbili nimekiingiza ndani, na mara mbili Mama amekirudisha nje. Mimi naendelea na kazi yangu ya masijala kule chuoni Chimwaga: mafaili, wanafunzi waliopoteza vyeti, na mimi nikiwaambia kila mmoja, "Jina kamili, tafadhali. Majina matatu."

Nakuandikia kukuomba radhi, Baba. Ulizikwa bila watu wako kuwepo, na kosa ni langu. Ngoja nianze mbali kidogo, usininyamazie.

Unakumbuka Jumapili zile tukitoka kanisani, mimi na wewe tunabangua karanga nyuma ya nyumba? Habari za vita vya Kagera hukunipa hata siku moja kwa mpangilio. Ulikuwa unanipa majina tu. Kamanda wenu mlimwita Kesho Asubuhi, kwa sababu mkiomba soksi, mkiomba sabuni, mkiomba ruhusa ya kuandika nyumbani, jibu lilikuwa hilo. Lori la chakula mliliita Padri, maana lilikuja mara moja kwa mwezi na mlilipokea kwa kuimba. Rafiki yako mkubwa alikuwa Sufuria, aliyechemshia chai ndani ya kofia yake ya chuma mpaka rangi ikababuka. Na ule mzinga wa kurushia makombora, mliokuwa mkiufungua vipande vitatu na kuubeba kwa miguu, ulikuwa Mama Mkwe. Ulinieleza kwa uso mkavu kabisa kwamba ukianza kusema kila mtu anainamisha kichwa, na hakuna mwenye adabu anayekatiza mbele yake.

Nilicheka mpaka karanga zikamwagika. Nikakuuliza, na wewe Baba, walikuitaje? Ukasema, "Mimi nilikuwa nabeba tu." Ukaendelea kubangua.

Jina lako nililisikia nikiwa kidato cha pili. Ulinisindikiza shuleni na sanduku langu kichwani kwako, nikiwa na rafiki zangu getini, na mzee mmoja akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Yaya! Bado unalea tu?" Uso wako ulifunguka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona. Ukaweka sanduku chini, ukavuka barabara, mkakumbatiana. Nyuma yangu wasichana walikuwa wameziba midomo. Muhula mzima niliitwa mtoto wa Yaya. Nilipofika nyumbani likizo nilikuambia, kwa sauti ambayo leo isingethubutu kutoka kinywani mwangu, kwamba naomba wale watu wako wasikuite vile mbele za watu, na wasije kukuita vile hapa nyumbani.

Hukukasirika. Ulisema, "Sawa, mama. Nitawaambia."

Na uliwaambia. Hakuna aliyewahi kuja. Ukawa unatoka wewe, Jumamosi, unavaa shati safi, unakwenda kunywa kahawa sokoni Majengo. Miaka yote hiyo nilidhani unapenda kahawa.

Ulipofariki, tangazo niliandika mimi. Nililiandika vizuri, unanijua. Majina yako matatu, kijiji ulichozaliwa, mtaa wa Nkuhungu, jina la Mama, saa ya kutoa heshima za mwisho, na kwamba safari ya kwenda Chemba kuzika ingeanza saa nne. Likasomwa redioni, likazunguka kwenye simu za ukoo wote. Waombolezaji walijaa, kwaya iliimba, mjumbe wa mtaa akasema maneno mazuri. Nilimwona Mama anageuka kila mara kutazama barabarani. Alikuwa amewaambia vijana waache benchi moja mbele, karibu na jeneza. Halikukaliwa na mtu. Mwishowe nikaliondoa mimi mwenyewe, wanawake wapate nafasi ya kupita.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, nafua uani. Mzee akapiga hodi. Mrefu, mkongojo mkononi, amevaa koti kwenye jua lile. Bajaji iliyomleta ilikuwa inageuza. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Samahani, binti. Natafuta nyumbani kwa Yaya. Nimeambiwa ni mitaa hii."

Baba, nilijua anamtafuta nani. Ningependa kukuambia kwamba sikuelewa, ila wewe uongo ulikuwa unaunusa kabla sijaumaliza. Nilijua. Lakini jina lile liliniingia vibaya, nikawa tena pale getini, na rafiki zangu nyuma yangu. Nikamjibu, "Hapa ni nyumbani kwa marehemu Mzee Petro."

Akaitazama nyumba, akatazama kiti chako. "Poleni sana," akasema. "Basi mimi nimepotea." Akageuka, akamwita dereva wa bajaji kwa mkongojo, akaondoka. Neno moja tu lingetosha kumrudisha, na sikulisema. Nikaendelea kufua.

Mama aliporudi kutoka jumuiya nikamweleza, kwa wepesi, kama mtu anayesimulia habari za muuza mboga. Akakaa chini hapohapo kwenye kizingiti, kitenge cha kanisani na yote. "Huyo ni Sufuria," akasema. "Ametoka Area D na mguu ule, kuja kumwona baba yako, na wewe umemwacha aseme amepotea?" Ndipo aliponiambia jambo ambalo mtu wa masijala hawezi kulifikiria, na ambalo yeye mwenyewe, kwa msiba, hakukumbuka kuniambia mapema. Kwamba ninyi hamkuwahi kujuana majina. Mlitoka kila kona ya nchi. Jina lako la kwetu, lenye sauti za kugonga ulimi, hakuna aliyeliweza kulitamka, na la ubatizo hakuna aliyekuuliza. Mlipewa majina yenu kule, mkala nayo, mkarudi nayo, na mkaendelea kuitana hivyo sokoni mpaka uzeeni. Tangazo langu zuri halikuwa limemtaja mtu yeyote waliyemjua.

Ilikuwa imebaki wiki moja tu tukaweke msalaba. Nilisema nitampata kabla ya hapo, hata kwa kutambaa. Ila ningempataje? Area D ni kubwa, na Mama hakuijua nyumba yake. Mimi ninayewarudisha watu dirishani kwa kukosa jina la tatu, nilikuwa namtafuta mtu aitwaye Sufuria.

Nilikwenda Majengo. Kwenye kibanda cha kahawa nilianza kwa adabu za ofisini: namtafuta mzee mmoja, mrefu, anachechemea, pengine aliwahi kuwa jeshini. Muuza kahawa akanimiminia kikombe, akaniambia wazee wanaochechemea Dodoma ni wengi. Nikanywa. Nikakaa. Nikaona sina jinsi. Nikasema, na sauti ikanitoka ndogo, "Mimi ni mtoto wa Yaya."

Akazima redio. Akatoa kiti chake mwenyewe, akakifuta kwa kitambaa, akanihamishia hapo. Kisha akachukua simu. Nusu saa haikupita, Sufuria akaja.

Alinitambua. Hakusema lolote kuhusu asubuhi ile, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Nikamwambia Yaya amefariki. Akavua kofia, akaiweka magotini. Akasema, "Kumbe yule Petro ndiye yeye." Walikuwa wamelisikia tangazo, Baba, palepale kibandani. Wakasema Mungu amrehemu huyo Petro, wakamalizia kahawa. Sufuria akaanza kulia kimyakimya, na mimi nikalia naye mbele ya soko zima.

Nikamuuliza kwa nini Yaya. Akaniangalia kwa mshangao. "Hakukuambia?" Akaniambia habari za kitako cha Mama Mkwe, kile chuma kizito kinachokaa chini ya mzinga, mlichokuwa mkikiita mtoto. "Kilikuwa kinatuchubua mabega hata kulala tunalala kifudifudi. Baba yako akachukua shuka lake, akakifunga mgongoni kama wanawake wanavyofunga mtoto. Tulimcheka siku mbili. Siku ya tatu kila mtu anatafuta shuka."

Halafu akaunyoosha ule mguu. "Na siku nilipoumia, alikifungua kile chuma, akakiweka chini, akanifunga mimi. Mimi na urefu huu, miguu inaburuta. Kesho Asubuhi akamfokea, mali ya jeshi unaiachaje? Akajibu, nitaifuata kesho asubuhi, afande." Akacheka huku machozi yanamtoka. "Na kweli, asubuhi alikwenda kuifuata."

Shuka nilimuuliza Mama. Ni lile la kijani lenye kiraka, tuliloanikia mtama miaka yote. Nimelikanyaga, nimepepetea mtama juu yake, nimelifungia nguo chafu nikienda bweni. Hukuwahi kunikemea. Sasa limefuliwa, lipo kwenye kabati langu, na mtama tunaanikia turubai.

Tuliweka msalaba Jumamosi iliyopita. Walikuja nasi Chemba wanne, ndio waliobaki, na Mama akawatengea benchi lilelile, tulilolipakia garini kutoka nyumbani. Kesho Asubuhi ametangulia. Habari hiyo ndiyo Sufuria aliyokuwa amekuletea siku ile nilipomrudisha. Padri wa kanisa alipomaliza ibada, Sufuria akaomba nafasi. Wakajipanga mstari, wamepinda migongo, na Sufuria akaanza kuita majina, nao wanaitika, "Nipo." Alipoita Kesho Asubuhi, wakaitika wote pamoja kwa niaba yake. Mama akaninong'oneza kwamba ndivyo wanavyofanya kila wanapokutana, wasipungue.

Kisha akaita, "Yaya."

Hakuna aliyeitika. Nilidhani wamesahau utaratibu wao. Nilipoinua macho niliona wote wanne wananitazama mimi, wananisubiri. Dada zako wapo, padri yupo, nusu ya ukoo ipo. Nikaitika, "Nipo." Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu watoto walishtuka.

Kwenye msalaba fundi alikuwa ameshachora majina yako matatu, kama nilivyomwandikia. Nilimrudisha kazini. Chini yake sasa kuna jina la nne, kubwa kuliko yote, na anayepita akitaka kujua maana yake, amuulize Mama. Atamweleza kwa furaha, mpaka mgeni ajute kuuliza.

Nisamehe, Baba. Nisamehe getini, nisamehe uani, nisamehe na lile benchi. Nimewaambia wazee wako waje nyumbani, waite kwa sauti kuanzia barabarani. Jumamosi hii wanakuja, kahawa nimeshanunua, na kiti chako sitakiingiza ndani tena.

Pumzika sasa, umebeba vya kutosha. Wakiita Yaya, nitaitika mimi.

Mwanao,
mtoto wa Yaya