Mahali Gari Litakapolala

Mjukuu wangu Nyambura,

Sisi huku Kinangop hatujambo, ila kanisa bado limefungwa na nyanya yako anaimbia jikoni. Unaniuliza gari gani la umeme litakufikisha kazini kule milimani kwenye baridi, maana treni unaiogopa kwa sababu ya korona.

Nilipoendesha lori la maziwa, betri ilikufa kila nyasi zilipoganda. Jioni moja nilitaka kuliacha bondeni, mlangoni petu. Nyanya yako, akiwa mjamzito, akakataa kunipakulia chakula mpaka nilirudishe mlimani, kwenye mteremko lilikozoea kulala. Nikalirudisha nikinung'unika.

Alfajiri uchungu ukamshika. Tukapanda polepole hadi kwenye lori. Nikawasha, kimya. Nikawasha tena, kimya. Yeye aling'ang'ania mlango. Nikaachilia breki, lori likateremka. Nikatia gia, likakohoa, likanyamaza. Mto ulikuwa mbele yetu. Injini ilinguruma tukiwa tumefika darajani.

Unasema huko Quakers Hill unakoishi unaegesha barabarani, hakuna pa kuchaji. Basi kabla ya gari, tafuta mahali litakapolala. Mama yako alizaliwa kitandani, hospitalini, kwa sababu ya mahali lori lilipolala.

Babu yako anayekuwaza