Ungo wa Pointi Tano

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi herufi za duka la dawa, mchana namba za pikipiki kumi na mbili. Zote nimechora na kukata, hata stika moja haikuharibika. Baridi ya leo si ya kawaida. Nimefanya kazi na soksi mbili mbili.

Saa tisa Dada Yustina, mwenye duka letu la stika na chapa, katuita mimi na Baraka. Majaribio yetu yanaisha Ijumaa na kiti ni kimoja. Tulikuwa tunajua, ila kuambiwa usoni ni jambo jingine. Kazi ya kutupima: akina mama wanaouza unga kutoka Madaba wanataka alama ya mifuko yao, mwanamke anapepeta. Kila mtu anachora yake. Mwenyekiti wao, Mama Editha, anakuja Alhamisi kuchagua. Atakayechaguliwa anabaki.

Nitabaki mimi. Naandika leo, kesho nisije nikaambiwa nilibahatisha.

Jumanne, 17 Juni

Baraka kachukua picha mtandaoni, kabonyeza kitufe cha kutreisi, kompyuta imfuatishie mistari yenyewe, kaenda kunywa chai. Basi, kwake kazi imekwisha. Nimechungulia. Pointi za kushikia mstari, elfu moja na mia tisa! Mwanamke mzima kajaa vidoti kama ana tetekuwanga. Alipokata, kisu cha mashine kikawa kinasimama kila baada ya unywele mmoja, kinatetemeka, stika ikachanika begani. Nimecheka. Tena kwa sauti. Kapunguza spidi ya mashine, kaanza upya.

Baraka si mtu mbaya. Ana mke na watoto wawili na ananizidi miaka sita. Lakini sikumtuma abonyeze kile kitufe.

Mimi nachora kwa mkono. Pointi naweka pale tu mstari unapofika mwisho wa kwenda upande mmoja: juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa, kulia kabisa. Kisha navuta vishikio vyake, vile vijiti viwili vya ubavuni mwa pointi, mstari unajikunja wenyewe. Mgongo wa mwanamke: pointi tatu. Kitambaa cha kichwani: tano. Watu wanadhani ukiongeza pointi mchoro unakuwa sahihi zaidi. Wapi! Kila pointi ya ziada ni kigingi cha kujikwaa.

Jumatano, 18 Juni

Nimemaliza. Mwanamke mzima, kuanzia kitambaa hadi pindo la kanga, pointi arobaini na moja. Ungo pointi nne. Duara lililoinama kidogo, safi, huwezi kulitia kasoro.

Nimekata stensili, ile karatasi ya kupitishia wino. Kisu kimezunguka ungo bila kupumua. Dada Yustina aliacha kuongea na simu akageuka kutazama. Nilimwona.

Nimefurahi mno. Nimenunua chipsi mayai, nimekula peke yangu.

Alhamisi, 19 Juni

Siku mbaya.

Mama Editha kaja saa nne. Mrefu, sweta la kijani, sauti ya kuongea na watu walio ng'ambo ya shamba. Shikamoo, marahaba wanangu, habari za kazi. Kaweka michoro yote miwili mezani. Akaanza na wa Baraka, akapitisha kidole pembeni pembeni, akauliza huyu mama kaumwa na nini, mbona ngozi imekwaruzika hivi. Nikajua nimeshinda. Nilishaanza kutabasamu, Mungu anisamehe.

Akageukia wangu. Akasifu mgongo. Akasifu mikono. Halafu akasema:

"Ila mwanangu, hili ni sinia. Huyu atapepetaje kwenye sinia?"

Baraka akakohoa. Nikaeleza kwamba ungo ni duara. Mama Editha akaniangalia kwa huruma, na huruma yake iliniudhi kuliko dharau. Akasema ungo wa dukani ni duara, ungo wa mtu anayepepeta si duara. Akaonyesha kwenye mchoro wa Baraka: pale mbele umebonyea. Picha yake ilikuwa ya ungo wa kweli, na kile kitufe cha kijinga kilifuata kila kitu, pamoja na ukweli.

Kagoma kuchagua. Analala kwa mpwa wake hapa mjini, anarudi kesho saa sita, halafu anawahi gari. Tuwe tumerekebisha.

Nilirudi nyumbani Mjimwema nimenuna. Nikamkuta shangazi Kolumba uani anapepeta maharage. Nikasimama tu. Anarusha, anapokea, anagonga ukingo wa mbele kwa kiganja, pumba zinatoka. Kila mara anagonga palepale. Pale ukingo umelegea, umelala, karibu unyooke. Nikatoa simu nikapiga picha.

"We Sesilia, ungo hujawahi kuuona?"

Nimepepeta kwa ungo huohuo tangu niko darasa la pili. Aibu imenishika hadi sasa ninapoandika.

Ijumaa, 20 Juni

Dukani saa moja kamili. Nimefuata ile picha ya ungo wa shangazi kwa uangalifu, kidogo kidogo. Nikahesabu: pointi thelathini na moja. Ukingo ulikuwa unayumba kama mlevi wa ulanzi. Mimi huyohuyo niliyemcheka Baraka! Baraka alikuwa meza ya pili anafuta vidoti vyake kimoja kimoja, hakucheka. Angecheka ningemstahi kidogo zaidi, au kidogo pungufu, sijui.

Nimefuta zote. Nimerudisha zile nne. Nikajiuliza mkono wa shangazi unagonga wapi. Nikaongeza pointi moja hapo, ya tano, nikafupisha vishikio vyake. Ukingo ukalala. Ukawa ungo. Dakika mbili, hazikuzidi.

Mama Editha kaja saa sita kasoro. Kila mmoja alishapitisha wino wa mchoro wake kwenye mfuko wa majaribio. Kaukunjua wangu, kauinamisha kifuani kwake, na kiganja chake kikaenda chenyewe kugonga pale mbele. Mara mbili. Kisha akacheka, akasema mifuko yote ipigwe hiyo.

Dada Yustina kaniambia Jumatatu nije saa mbili kama kawaida. Kiti changu. Nilitaka kupiga kelele. Nikamwona Baraka anafunga kikombe chake kwenye gazeti, anatia kwenye begi. Kanipa mkono, kasema hongera, umefanya kazi. Nimefurahi na nimeumia, vyote kwa pamoja, na sitajifanya kimoja hakikuwepo.

Jumapili, 22 Juni

Misa ya kwanza. Nguo nimefua, hazijakauka, jua lenyewe la kuazima.

Mchana Baraka katuma mchoro kwenye simu. Jani la mgomba. Hakuandika salamu, kauliza tu: nipunguze pointi ipi?

Kompyuta ya nyumbani ni kuukuu, ila inafungua. Pointi sita. Nimekaa nao karibu saa nzima. Nimeuvuta mkubwa, nimeupindua. Nilikuwa naitafuta moja tu ya kuondoa, si kwa ubaya, ila nilikuwa naitafuta kwa hamu. Sikuiona.

Nimemwandikia: usiguse kitu.