Niiteni Mama Brandon

Fereej Bin Mahmoud,
Doha, Qatar.
14 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Phyllis,

Hujambo? Na goti je, limekubali dawa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na joto nalo limetuhurumia kidogo. Majani ya chai uliyompa Ndirangu yalifika, asante sana. Chumba kizima kinakunywa na kukusifu, nami nasifiwa pamoja nawe bila jasho lolote.

Leo nataka nikuambie habari za wenzangu. Nilipofika hapa, Proscovia, Mganda ambaye ndiye mkubwa wetu chumbani, aliniuliza hata kabla sijatua begi: napenda niitwe nani? Huwauliza wageni wote. Nikasema Mama Brandon. Basi ikawa hivyo, hapa tunapokaa na kule hotelini tunapofua mashuka. Shangazi, raha niliyoisikia siwezi kukueleza.

Kisha akaja Peninah, wa kwetu Maua. Akawanong'oneza kwamba Brandon wangu alifariki mwaka jana. Kesho yake, ghafla, nikawa Kawira tu, jina langu la utotoni. Kawira njoo ule, Kawira pumzika, kwa sauti ya chini kana kwamba mimi ni mgonjwa. Nilivumilia, nikashindwa. Siku moja nikisonga ugali nilipiga sufuria kwa mwiko, nikawauliza ni nani amewaambia mimi si mama yake tena. Wee!

Proscovia akaniomba msamaha. Walidhani wananipunguzia uchungu. Akaniuliza upya, kwa adabu ile ile, waniiteje. Nikamjibu kama siku ya kwanza. Peninah akalia, halafu akaniomba nimsimulie habari za mtoto. Nikasimulia alivyokuwa akikataa viatu, na alivyolala na kijiko mkononi. Tulicheka mpaka ugali ukaungua. Aki nawashukuru hawa wanawake, Mungu awape maisha marefu.

Nisalimie Gerishon na Terry, na Mungu awafunike nyote kwa baraka zake.

Sasa nakuomba na wewe. Tangu mazishi, hakuna mtu huko nyumbani ameniita jina hilo, hata wewe uliyemwogesha alipozaliwa. Najua ni huruma, siwalaumu. Lakini Jumapili nikikupigia simu, niite. Pengine nitalia. Usikate, ngoja nimalize, kisha uniite tena.

Mpwa wako akupendaye sana,
Mama Brandon