Mwiko ya Kilio ya Dimitri

Yaya yangu Farida, dada yangu mukubwa wa kule Kasongo,

Salama kwako na kwa batoto. Huku Kolwezi tuko na afya. Karim amepata diplome na asilimia sabini na mbili. Katika mutaa yetu nzima ya Kasulo hakuna aliyemufikia. Akili hiyo imetoka kwa mama yake, unajua!

Yaya, umesikia namna bauaji balichoma kanisa kule mashariki, bakisema ni kwa jina ya dini yetu. Dimitri, ndugu mudogo ya jirani yangu Florentine, alifia humo. Nikaenda kwenye kilio. Katika kilio zote za hapa, mi ndiye ninageuza bukari, ugali ya bantu mia, hakuna mwanamuke mwenye mikono kama hii. Nikashika mwiko. Jirani ingine, Mama Glodie, akaniondolea mwiko mukononi.

"Mama Karim, leo pumuzika. Bantu habatakula."

Nikacheka kidogo. "Tangu lini bukari yangu inabaki?"

Hakuna aliyecheka. Nikamuangalia Florentine, ambaye batoto yake batatu balizaliwa katika mikono yangu. Akaangalia chini.

Nikarudi nyumbani. Yaya, Dimitri alikula kwangu miaka tano, tangu alipokuja huku kuchimba madini. Aliniita mama. Kule mashariki alikwenda kuoa tu. Sasa nasikia nyimbo za kilio yake zinapita juu ya ukuta, na siwezi kwenda kumulilia.

Mumutaje kwenye dua.

Mudogo yako,
Mama Karim