Marahaba ya beki wa kushoto

Ulimboka, nimechoka mwenzio. Tumeondolewa kwenye mashindano ya vijana wa vyuo hata mpira hatujagusa.

Si unamkumbuka Athuman, yule beki niliyemhamishia chuoni kwetu kutoka kile chuo kidogo cha Kondoa? Mabeki wangu wote wamehitimu, ningefanyaje? Ule upara nilidhani ananyoa kwa mtindo.

Leo kwenye ukaguzi, kamisaa wa mchezo anamwangalia, mara akasimama. "Shikamoo mwalimu!"

Kamisaa, Ulimboka! Mtu mzima na kitambi chake!

Na huyu naye akaitikia! "Marahaba Masudi, hujambo?" Angekaa kimya tu!

Kwenye gari namuuliza, kwa nini umeitikia? Ananijibu taratibu, "Kocha, mwanafunzi wangu aniamkie, ninyamaze?"

Tulipofika mtaani kwake, Area D, akashuka, nikajikuta na mimi namwambia shikamoo.