Karavani Aliloniuzia Trevor

14, Mtaa wa Eastgate,
Driffield,
Yorkshire Mashariki.

12 Mei 2019

Mpendwa mdogo wangu Lionel,

Hujambo, na Heather naye hajambo? Huku tumeingia Mei lakini jua bado linatuchungulia tu na kurudi ndani. Nyinyi huko Dunedin, kusini kabisa mwa dunia, nadhani baridi ndiyo inaanza na mnakusanya kuni. Mgongo wako vipi tangu zile ngazi zikuangushe? Usijifanye kijana, unaukaribia uzee kwa mbio kuliko unavyodhani.

Sisi tu wazima. Goti la Norris linamsumbua akitumwa juu kuleta nguo chafu, halimsumbui akienda kuvua samaki. Daktari na mimi tumekubaliana kwamba ni goti lenye akili. Joanne anakusalimu sana, anahesabu wiki mpaka mtue hapa Julai.

Yule kijana aliyenunua duka langu la dobi bado yupo, ila anamwaga sabuni kama mtu anayeosha ng'ombe. Hoteli mbili za Bridlington zimeshamhama. Nilipita juzi nikajizuia kuingia. Si langu tena.

Na hapo ndipo habari yangu inapoanzia, maana pesa za kuliuza ndizo zilizonunua karavani, ile nyumba yangu ya kukokotwa. Nilikuandikia Oktoba nikiwa na furaha ya kitoto, nikakuahidi kwamba mkija tutalifunga nyuma ya gari, twende mpaka kaskazini mwa Uskochi, nyinyi mlale kitanda cha dirishani. Lionel, karavani hilo halipo tena. Soma mpaka mwisho kabla hujampigia mtu simu, maana aliyeniuzia ni Trevor Garside.

Ndiyo, Trevor wetu. Uliyekuwa ukiiba naye matufaha kwa kasisi. Ambaye kila ukija unalala kwake kwa sababu unasema nyumbani kwangu kuna sheria nyingi.

Nilikwenda kwake kwa sababu ni yeye. Kulikuwa na wauzaji wengine watatu, na mmoja wao alikuwa na bei ya chini kwa pauni mia sita. Norris akaniambia, mke wangu, mia sita ni pesa. Nikamwambia, mia sita ni bei ya kumjua mtu. Nililipa pauni elfu ishirini na sita na mia nane, taslimu, bila mkopo. Unajua mimi mpaka leo nahesabu pesa kwa mashuka. Kwa faida ya peni ishirini kila shuka, hayo ni mashuka laki moja na elfu thelathini na nne yaliyopita mikononi mwangu, tangu ile mashine moja ya mtumba kwenye banda la baba.

Trevor alinikabidhi funguo na chupa ya mvinyo. Akasema, "Dada Thel, hili ni jipya kabisa, harufu ya kiwandani haijatoka. Sasa sikiliza. Lifunike, lisahau, ulifungue Pasaka." Wala hakunishangaza. Umekaa mbali siku nyingi lakini hujasahau desturi ya hapa: karavani la Oktoba halitoki kabla ya Pasaka. Barabara zina chumvi ya kuyeyushia barafu, viwanja vya kambi vimefungwa, na mwenye kutoka nalo Desemba anaonekana hana akili au hana nyumba. Tukalifunika kwa turubai zuri, tukawa tunalitazama kwa dirisha la jikoni kama watu wenye mtoto aliyelala.

Wiki moja kabla ya Pasaka tukalifunua. Nilifungua mlango nikasimama hapohapo. Nimenusa mashuka mabichi miaka thelathini na moja, siwezi kudanganywa na ubichi. Nilimpigia Trevor. Alikuja siku ileile, lazima niseme haki yake. Alikuja na bomba la silikoni, ile gundi ya kuzibia, akapaka pembeni mwa dirisha la mbele dakika kumi, kisha akakaa jikoni kwangu saa nzima. "Ni mvuke tu wa baridi, dada. Karavani ni kama mtu, lisipopumua linanuka." Akanywa chai vikombe viwili na kula keki yangu ya tangawizi. Nami nikamshukuru. Iliyobaki nikamfungia aende nayo.

Ijumaa Kuu tukaenda kwenye kambi ya chama chetu cha wenye makaravani, ule uwanja wa karibu na Filey. Mvua ilianza saa tisa mchana. Saa kumi na moja maji yalikuwa yanatembea ndani ya ukuta, unayasikia. Norris akabonyeza ubao juu ya kitanda cha dirishani, kile chenu, na dole gumba likazama kama kwenye mkate uliolowekwa. Akalitazama dole lake, akanitazama mimi. Akasema, "Mama Joanne, huu mvuke una nguvu."

Sasa, jioni ya kwanza ya kambi, mwenye karavani jipya hutembelewa. Watu hufuta viatu mlangoni, huingia wawili wawili, husifu mapazia. Ni kama kumtazama mtoto mchanga: hata akiwa na sura ya kiazi, unasema ana macho mazuri. Nilikuwa nimeweka taulo ukutani na mto juu ya taulo, ili nisiwaharibie watu jioni yao. Ndivyo tulivyolelewa, Lionel. Maji yanaingia kitandani na mimi nagawa mikate mitamu ya Ijumaa Kuu.

Akaingia Enid Hebblethwaite wa Malton na mumewe Walter. Hawa ni wanachama wa zamani, watu wapole. Enid akanisaidia kuosha vikombe. Alipomaliza alikikamua kitambaa cha vyombo, akafungua kabati la chini ya sinki, akapeleka mkono nyuma ya mlango wake bila kutazama na kukitundika kwenye kulabu iliyokuwapo. Kisha akaganda.

Mimi mwenyewe kulabu ile niliiona siku ile tulipolifunua. Nikafikiri watu wa kiwandani wana akili.

Nikamuuliza, "Enid, umejuaje kwamba pana kulabu hapo?"

Walter akakohoa. "Enid, mvua inazidi. Twende."

"Nyamaza wewe Walter," akasema Enid, na sijawahi kumsikia akisema hivyo. "Thelma, mwaya, kulabu hii niliipigilia mimi."

Walilinunua wao Juni mwaka jana, kwa Trevor. Likavuja wiki ya pili. Walikuwa bado ndani ya zile siku thelathini ambazo sheria inakuruhusu kurudisha kitu kibovu na kudai pesa yako yote, na Trevor akawarudishia bila neno. Akawaomba jambo moja tu, wasiseme chamani, maana anayo familia. Nao wakanyamaza kwa adabu. Walipoona sisi tuna la aina ileile na rangi ileile, walidhani ni lingine. Enid alilia. Nikajikuta mimi mwenye kitanda kilicholowa namfuta machozi yeye.

Sikulala. Si kwa sababu ya maji. Nilikuwa nakumbuka maneno yale, lifunike, lisahau, ulifungue Pasaka. Hakuwa ananifundisha kutunza karavani. Alikuwa anangoja siku thelathini zipite zikiwa chini ya turubai, na alijua zitapita, kwa sababu anatujua. Angemuuzia mgeni, mgeni angeweza kulitoa Novemba. Alimtafuta mtu ambaye hatalitoa.

Jumanne nikaenda kwake. Nilimkuta ofisini, akainuka kunibusu. Nikamwambia nataka pesa zangu zote. Akakaa.

"Siku thelathini zilipita Novemba, dada Thel. Sikutunga mimi sheria."

Nikamwambia sheria nimeisoma mpaka ukurasa wa pili. Zikipita siku hizo, muuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza. Ikishindikana, anarudisha pesa. "Ile silikoni ndiyo ilikuwa nafasi yako, Trevor. Uliinywa pamoja na chai yangu." Kisha nikamwambia habari ya kulabu.

Hakukana. Alitazama nje kwenye uwanja wake, zile safu nyeupe za makaravani. Akasema mwaka ulikuwa mbaya, benki ilikuwa mlangoni, na kwamba alidhani fundi wake ameziba. Akasema angenipa elfu nane na yaishe. Nilipotikisa kichwa ndipo aliposema neno ambalo ndilo linanifanya nikuandikie kurasa hizi zote.

"Thel. Nilimbeba mama yako."

Unajua, mdogo wangu, kwamba alimbeba. Ulikuwa hospitali umefungwa plasta mpaka kiunoni, huwezi kupanda ndege, na ile nafasi ya mbele kushoto ya jeneza ilikuwa yako. Watu wa mazishi walitaka pauni thelathini na tano kumleta mtu wao. Trevor akasema hapana, mgeni hatagusa jeneza la mama yetu. Akasimama mahali pako na suti yake iliyombana, na mvua ikimnyea. Miaka mitatu hii kila nikimwona mtaani namwona akiwa na jeneza begani. Ndiyo maana sikuulizia kwingine. Ndiyo maana mia sita haikuwa kitu.

Nikamwambia, "Ulimbeba. Sikujua kwamba ulikuwa unanidai." Nikatoka.

Sikwenda mahakamani. Mahakama ni miezi, na mimi si mtu wa kulipa wakili anifafanulie ninachokijua. Jumamosi ya tarehe nne, katika ile wikiendi ndefu ya Mei, Trevor alikuwa na siku yake ya wateja, bendera ndogondogo kila mahali na magari mpaka barabarani. Saa tatu asubuhi Norris akalikokota karavani mpaka katikati ya uwanja, akalisimamisha palipo na nafasi, akateremsha ile miguu ya chuma ya karavani. Mimi nikatoa mito na taulo zote, nikafungua mlango wazi, nikachemsha maji.

Sikuwaambia watu neno baya. Kila aliyepita nilimkaribisha chai. Waliingia, wakanusa, wakaona ukuta. Mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hili ni la mwaka gani, bibi?" Nikamwambia, "Jipya kabisa, nimelinunua hapahapa. Sukari kiasi gani?" Walishuka na vikombe vyao wakaenda moja kwa moja kwenye magari yao. Ilibidi Norris awafuate kuchukua vikombe.

Trevor akaja, uso mwekundu kama kamba aliyechemshwa. "Dada Thel, unanifanyia fujo mbele ya watu."

"Fujo gani? Keti unywe chai."

"Mimi nina wafanyakazi tisa."

"Mimi nilikuwa nao kumi na wanne," nikamwambia, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kukunja shuka chafu akaiita safi."

Alisimama pale mlangoni akitazama familia nyingine ikiwasha gari. Kisha akaniuliza namba ya akaunti, kama hajui kwamba anayo kwenye makaratasi ya mauzo. Birika la tatu lilikuwa halijachemka. Norris akavaa miwani, akaitazama simu yake, akaitazama tena. "Zimeingia. Elfu ishirini na sita na mia nane. Sasa naweza kupata na mimi kikombe?"

Kabla hatujaondoka niliifungua ile kulabu kwa bisibisi, ili nikamrudishie mwenyewe. Enid hakutaka kuipokea kwanza. Nikamwambia aipokee, ni kitu pekee cha kweli kilichokuwamo humo ndani.

Kisha nikaingia ofisini kwa Trevor, peke yangu. Nikaweka mezani pauni thelathini na tano, noti na sarafu.

"Hii ni nini?"

"Ya kumbeba mama. Mbele kushoto."

Akasema, "Sikumbeba kwa pesa, dada Thel." Sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa matufaha, na ninaamini alikuwa anasema kweli.

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana hukupaswa kulitaja penye bei."

Sikungoja aguse. Sijui kama amezichukua au bado zipo hapo mezani. Chamani watu wamegawanyika: nusu hawasemi naye, nusu wananiona mimi nimepungukiwa adabu. Nimelipa ada mpaka Desemba, kwa hiyo Desemba nitatoka.

Julai tutakwenda Uskochi kwa treni, nimeshaulizia bei, tukinunua tiketi mapema ni nafuu kuliko petroli ya kukokota lile zigo. Mahali pa kulala nitatafuta, pakavu.

Kuhusu Trevor, atakupigia simu. Atalia, na huenda machozi yakawa ya kweli. Sikukatazi kuongea naye, wala kulala kwake kama ulivyozoea. Alikuwa rafiki yako kabla hajawa mwizi wangu. Nilitaka tu uyasikie kwangu kwanza, na uyasikie yote, pamoja na lile la suti na mvua.

Siku ya kwanza mkifika, kabla ya chai, nataka twende makaburini kwa mama, wewe na mimi tu. Usihuzunike tena kwamba hukuwapo. Ile nafasi ya mbele kushoto nimeshaikomboa, Lionel. Ni yako. Utakuja kusimama hapo.

Mpe salamu Heather, na mwambie ile jamu yake iliisha Februari. Wasalimu Tamsin na Rory, na huyo mbwa wenu mzee kama bado yupo. Norris na Joanne wanawasalimu. Mungu awavushe bahari zote hizo mkiwa wazima, na mgongo wako auangalie kwa jicho la pekee.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila punguzo,

Thelma